Mkono wa Bwana Manyoya

Sinema ya wanawake ilikuwa Jumatano alasiri, na Alkhamisi ndiyo siku yetu ya kuichambua. Tulikutana nyumbani kwa Swabaha, ghorofani, mtaa wa Kuze, kila mmoja na kofia yake ya kudarizi mapajani, ili mtu akipanda ngazi akute mikono inafanya kazi. Midomo ndiyo iliyofanya kazi zaidi.

Tulikuwa wanne. Mona wa Bondeni, ambaye Mungu hakumjaalia sauti ya chini. Saadia binamu yake, mpole, mwenye kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Swabaha mwenye nyumba, ambaye mumewe Jamaldin alikuwa karani wa bohari kule Shimanzi. Na mimi Khairiya, niliyekuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu Unguja na kupewa darasa la watoto wadogo, nadhani kwa sababu watoto wadogo tu ndio niliothubutu kuwatazama usoni.

Ndani ya sinema nilikuwa na kazi yangu. Picha zilisema Kiingereza, na katika safu yetu ni mimi peke yangu niliyekielewa, basi nilinong'ona maana huku wenzangu wakitazama. Lakini mimi ni mwoga. Muziki ukianza kubadilika tu, nilijivutia buibui usoni na kuendelea kutafsiri nikiwa ndani ya nguo. Wote walilijua hilo. Mona alizoea kusema kwamba Khairiya ana masikio na wao wana macho, ukituunganisha ndipo unapata mtu mmoja aliyekwenda sinema.

Alkhamisi hiyo mjadala ulikuwa mkali. Wiki iliyopita tulionyeshwa picha ya yule mtu anayeruka angani, tuliyemwita Bwana Joho, kwa kuwa jina lake la Kiingereza liliwashinda wenzangu ulimi. Na jana yake tulikuwa tumeona picha ya mlinzi wa bustani ya wanyama aliyetiwa damu ya mnyama na daktari mwovu, akageuka. Huyo jina lake lilikuja lenyewe: Bwana Manyoya.

"Mimi Bwana Joho simbadilishi," alisema Saadia. "Lile joho lake jekundu likipepea, roho yangu hutulia."

"Jekundu umelionea wapi, na picha nzima ni nyeusi na nyeupe?" Mona akamwuliza.

"Nililiona tu kuwa jekundu."

"Haya. Na mimi niliona ndevu zake za kijani." Mona aliuma uzi kwa meno. "Bwana Joho hana lolote. Risasi haimwingii, moto haumwunguzi, ukuta ukimwangukia yeye ndiye anauonea huruma. Sasa huyo ana ushujaa gani? Shujaa ni yule anayeogopa kisha akaenda. Na mmeona alivyompitisha yule msichana dirishani? Goti la mtoto wa watu limegonga fremu, kiatu kimeanguka barabarani, yeye hata hakuangalia nyuma. Ana haraka ya nini, na hana hata duka la kufunga?"

Tulicheka. Saadia akasema kweli, kile kiatu kilimsikitisha hata yeye.

"Bwana Manyoya angalau anateseka," Mona aliendelea. "Picha ya kutisha ni hiyo. Mtu analala binadamu, anaamka anajitazama kiooni. Khairiya, alisema nini pale kiooni?"

"Alisema, 'Huyu si mimi,'" nikajibu. "Alisema mara mbili. Mara ya pili sauti ilikuwa imeharibika."

"Unaona? Na Khairiya hata hajamwona. Umepoteza, shoga yangu. Ulilipa kiti kizima ukatumia nusu."

Swabaha alikuwa hajasema kitu tangu tuketi. Kwa kawaida yeye ndiye hakimu wetu. Huacha wote tuseme, kisha hutoa hukumu kwa maneno machache na sisi hukubali. Siku hiyo uzi ulikuwa umemvurugika kidoleni na hakuwa na habari nao. Sahani ya bajia ilikuwa mbele yake na hakuigusa.

"Na wewe, hakimu?" Mona akamwuliza. "Wampa nani?"

Swabaha akajigusa mdomo wa juu. "Hapa," alisema, "palikuwa pamepasuka? Au ni kivuli?"

"Kivuli gani? Pamepasuka mpaka puani, na lile jino likichungulia hivi." Mona akaukunja mdomo wake kwa kidole, akatoa jino, akanguruma. Alikuwa hodari wa kuigiza. Saadia alipiga ukelele, kisha akacheka.

Swabaha aliinuka akatoka chumbani. Tulimsikia akitapika uani.

Mona aliachia mdomo wake. "Nimefanya nini?"

Mimi nilikuwa nimeona kitu Swabaha alipoinuka: kipande cha udongo mweupe kilidondoka kutoka kwenye pindo la leso yake, ule udongo ambao wanawake huutafuna wakiwa katika hali fulani. Nilikifunika kwa kofia yangu kabla wenzangu hawajakiona.

Walipoaga, Swabaha alinishika mkono nibaki. Akafunga mlango, kisha akakaa juu ya kitanda bila kuvua ushungi, kama mgeni katika chumba chake mwenyewe.

"Umekiona," alisema.

"Nimekiona."

"Usimwambie mtu. Hata Jamaldin hajui. Nilitaka ipite miezi ile ya hatari ndipo niseme."

Nilijua kwa nini. Swabaha alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya pili ilikuwa imeshaanza kucheza, na ilitoka baada ya mbwa kumrukia kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba. Mkunga alisema ni hofu iliyoitoa. Tangu hapo mavyaa wake, Bi Mwanatumu, mama yake Jamaldin, alikuwa akimtembeza kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni, bila hata kujua kama ndani ya kikombe kuna kitu.

"Walisema nisitazame vitu vibaya," Swabaha aliniambia. "Tangu mtoto nasikia. Mwenye mimba hatazami kitu kilichoharibika, mtoto asije akakichukua. Na mimi nimekaa pale nimekodoa macho. Sikuyafumba hata mara moja, Khairiya. Wewe usiye na kitu tumboni ndiye uliyejifunika."

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hachukui sura ya kitu ambacho mama amekitazama, na nilimwambia hivyo, kwa sauti yangu ndogo. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

"Nikifumba macho namwona," alisema. "Ananijia amevishwa kofia ya kitoto. Ana ule mdomo. Na mimi ndiye ninayemnyonyesha."

Niliondoka na moyo mzito. Usiku ule nilijilaza nikiwaza si mdomo wa mtoto bali ile hofu. Kama hofu ya mbwa wa dakika moja ilifanya vile, hofu ya kukaa nayo mchana na usiku ingefanya nini?

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, Mona alinijia nyumbani. Alikuwa na uso nisiouzoea.

"Swabaha amelala kitandani tangu jana," alisema. "Hali chakula. Bi Mwanatumu amemwita mkunga, mkunga amemgusa tumbo na amesema wazi kwamba ana mimba. Sasa mtaa mzima unajua. Na mimi nilimngurumia. Mimi na jino langu hili."

"Hukujua."

"Sikujua, lakini jino lilikuwa langu." Aliketi. "Na kuna jengine. Bi Mwanatumu nilimwambia mimi kwamba ni picha ya nyimbo. Akijua ni picha gani, itakuwa ndiyo mwisho wetu. Na mtoto akitokea na kasoro yoyote, hata kipaku, atamlaumu Swabaha mpaka siku ya kufa."

Tulikwenda pamoja, tukampitia Saadia. Swabaha alikuwa amelala ameukabili ukuta. Bakuli la uji lilikuwa kando, limefanya utando juu. Chumba kilinukia ubani, na juu ya kabati palikuwa na sahani ya kombe, maneno ya dua yaliyoandikwa kwa zafarani, nayo imeoshwa na maji yake kunywewa. Bi Mwanatumu alikuwa ameshatibu alichodhani ni kijicho cha watu.

Mona alikaa ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema taratibu.

"Nisikilize. Ule uso ni nguo. Wallahi ni nguo, imeshonwa. Mimi na wewe tunashona tangu utotoni, mshono tunaujua. Pale shingoni, chini ya sikio, nimeuona. Tena umeshonwa ovyo, mishono mirefu kama bandi za kushikizia. Ukiniletea kofia hivyo nakurudishia."

"Kweli," alisema Saadia upesi mno. "Hata mimi nimeuona."

Swabaha aligeuka polepole. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwengine.

"Jana hamkusema," alisema.

"Jana hatukujua kama unahitaji," Mona akajibu.

"Mnasema ili nile uji."

Mona akalitazama lile bakuli lenye utando. Swabaha akanigeukia mimi.

"Khairiya, wewe umeuona huo mshono?"

"Mimi nilijifunika, Swabaha. Wajua."

"Najua. Wewe hata ungeweza kunidanganya, na hukunidanganya." Alijiinua kwa kiwiko. "Picha bado iko mjini?"

Ilikuwapo. Watu walikuwa wamejaa Jumatano mpaka wengine wakarudishwa mlangoni, na mwenye sinema alikuwa ameongeza onyesho moja la wanawake Jumamosi alasiri. Baada ya hapo picha ingepanda gari la moshi kwenda Nairobi.

"Basi nenda kesho," Swabaha aliniambia. "Nenda ukatazame. Usifumbe macho. Ukija ukaniambia umeuona mshono, nitaamini. Ukisema hakuna, nitaamini pia."

Nilisema nitakwenda. Niliposhuka ngazi nilikuwa nimeshajivutia buibui usoni, na ilikuwa bado ni Ijumaa.

Jumamosi tulitoka sote watatu. Tulifuata barabara ya Ndia Kuu, Mona mbele, Saadia nyuma yangu, kama wanaonipeleka ukumbini kwa shari. Njiani Mona hakufanya mzaha hata mmoja, jambo lililonitisha zaidi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watoto walilia, wanawake waliitana safu hadi safu, maganda ya machungwa yalitupwa chini ya viti. Mwanamke wa nyuma yetu aliyekuwapo Jumatano alinigusa bega. "Mwalimu, leo pia utatueleza? Safari ile nilikusikia vizuri." Nikaitikia kwa kichwa. Taa zikazimwa.

Niligundua jambo moja mapema: siwezi kutazama na kutafsiri kwa wakati mmoja. Macho yakifanya kazi, masikio yalikuwa kama yameazimwa na mtu. "Anasema nini?" yule mwanamke aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Sijui," nilimjibu. "Samahani, mama. Leo sijui." Nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba huenda picha hii ni ya Kiingereza cha ndani.

Kisha muziki ukabadilika. Mkono wangu ulipanda wenyewe kwenye buibui, na Mona akaushika, akaurudisha mapajani, akaendelea kuushika.

Nikamwona.

Sitasema kwamba hakutisha. Alitisha kuliko nilivyomwaza ndani ya buibui, na nilikuwa nimemwaza sana. Mdomo ulikuwa umepasuka kama Mona alivyosema. Nywele zilianzia kwenye nyusi. Alipojitazama kiooni nilimfikiria Swabaha amekaa kiti kama hiki, mkono juu ya tumbo lake, peke yake katikati yetu. Nilijilazimisha kumtazama shingoni. Chini ya sikio la kulia. Chini ya sikio la kushoto. Nilitazama kama ninavyotazama daftari la mtoto ninayetaka kumpa alama na siwezi kuiona sababu.

Hapakuwa na mshono.

"Mona," nilinong'ona. "Uko wapi?"

Alikuwa amenikaza mkono.

"Mona. Uliuona?"

"Labda uko chini kidogo, kwenye ukosi," alisema. Kisha akasema, "Sikuuona. Nilitaka uwepo."

Nikaendelea kutazama, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutofumba macho, ingawa sikujua tena ninatafuta nini. Bwana Manyoya alivunja mlango wa daktari. Akamkuta yule msichana, binti wa daktari, amezirai sakafuni. Akambeba. Wanawake ukumbini walipiga kelele, wengine wakamwambia msichana azinduke akimbie. Akaelekea naye kwenye ngazi, kwenye mlango mwembamba wa mnara.

Na hapo nikaona.

Alipofika mlangoni, kichwa cha msichana kilikuwa kinaning'inia, kinakwenda kugonga mwimo wa mlango. Bwana Manyoya akautoa mkono mmoja chini ya mgongo wake, akauzungusha, akakinga kisogo kwa kiganja. Akapita naye kiubavu. Mgongo wa mkono wake ndio uliosugua mwimo. Kisha akarudisha mkono mahali pake, na uso ukaendelea kunguruma kama kwamba haujui mkono umefanya nini.

Kilikuwa kitu cha kupepesa jicho tu. Nilitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mwengine aliyeona. Wote walikuwa wakitazama meno.

Tulipotoka jua lilikuwa bado kali. Mona alinivuta kando ya ukuta, penye kivuli.

"Sema upo," alisema. "Neno moja tu, Khairiya. Upo. Mungu anajua nia yako."

"Amenituma mimi kwa sababu sisemi uongo."

"Amekutuma kwa sababu yuwataka kupona. Mpe dawa."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Kesho picha iko Nairobi."

Saadia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukubaliana na aliyesema mwisho. Wala hakunikubali mimi. Alikuwa akilia kimya, anajifuta kwa ncha ya buibui.

Njia nzima hadi Kuze nilijaribu lile neno mdomoni. Upo. Lilikuwa jepesi. Nilifika mlangoni sijaamua.

Bi Mwanatumu mwenyewe ndiye aliyefungua. Nilimbusu mkono, nikamwamkia. Aliitikia, lakini hakuuondoa mwili wake mlangoni.

"Jirani yangu ana binti zake," alisema. "Wameniambia picha ile haikuwa ya nyimbo."

Mona alikuwa nyuma yangu. Nilisema, "Haikuwa ya nyimbo, Bi Mwanatumu."

"Nini mlichomwonyesha mke wa mwanangu?"

"Mtu aliyegeuka mnyama. Hatukujua hali yake. Tungejua tusingempeleka."

Alinitazama usoni. Nilitaka kuangalia chini na sikuangalia chini. Macho yangu yalikuwa yamefanya kazi ngumu zaidi siku hiyo.

"Panda," alisema. "Hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Mkikosa kumlisha ninyi, sitawaona tena nyumbani kwangu."

Swabaha alikuwa ameketi, mgongo kwenye nguzo ya kitanda, kama aliyenisubiri katika hali ile ile tangu jana. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mona na Saadia walisimama karibu na dirisha. Mimi nilikaa mbele yake.

"Nimetazama," nilisema. "Kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Mshono?"

Lile neno jepesi lilikuwa pale pale kwenye ulimi wangu.

"Hakuna," nilisema. "Nimeutafuta pande zote mbili. Sikuuona."

Uso wa Swabaha haukubadilika. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia, akaanza kujilaza ageukie ukuta. Nikamshika Swabaha bega, mimi nisiyemshika mtu.

"Ngoja. Sijamaliza. Nimeona kitu kingine. Ile ngazi ya mnara, alipombeba msichana. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kichwa cha msichana kilikuwa kinakwenda kugonga mwimo. Alikikinga."

"Nani alikikinga?"

"Bwana Manyoya. Kwa mkono."

Alinitazama. "Mbona mimi sikuuona mkono?"

"Ulikuwa unatazama uso. Wote walikuwa wanatazama uso."

"Nionyeshe."

Sikujua nionyeshe vipi. Kisha nikaona nguzo ya kitanda nyuma yake. Nikaupitisha mkono wangu nyuma ya kisogo chake, kiganja kwenye nywele, mgongo wa mkono kwenye mti, nikamlaza taratibu mpaka vidole vyangu vikabanwa kati ya kichwa chake na nguzo. Kichwa kilikuwa kizito na cha moto.

"Hivi," nilisema. "Halafu akapita kiubavu. Mkono wake ndio uliokwaruzwa."

"Na uso?"

"Uso ulikuwa unanguruma."

Alikaa hivyo, kichwa mkononi mwangu. Sikuondoa mkono ijapokuwa uliuma.

"Basi ndani mle mna mtu," alisema mwishowe.

"Mna mtu. Na alihofia kumwumiza mwenzake. Hakuna aliyemwambia afanye, Swabaha. Hakuna hata aliyemwona."

Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni na bakuli jipya la uji. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliingia, akaliweka bakuli juu ya kigoda, akajipangusa mikono.

"Huyo mwenye manyoya," aliniuliza, "ndiye aliyefanya hivyo?"

"Ndiye, Bi Mwanatumu."

"Ana adabu kuliko Jamaldin. Jamaldin alimpandisha bibi harusi ngazi hizi akamgongesha kwenye mlango ule pale, na wageni wote wanatazama."

Sauti iliyotoka kwa Swabaha ilikuwa kavu na fupi, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni kicheko. Alijigusa paji la uso, mahali ambapo nadhani ndipo palipogongwa.

"Yule wa joho naye alimwangushia msichana kiatu," Saadia alisema kutoka dirishani.

"Goti pia," Mona aliongeza. "Goti msilisahau."

Swabaha aliweka mkono wake juu ya tumbo, juu ya leso. Alisema polepole, hakusema na mmoja wetu hasa.

"Kama mtoto huchukua, basi na achukue ule mkono."

Bi Mwanatumu alisema amin kwa sauti ya chini, akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa, akampa kijiko.

Sikujua kama mtoto aweza kuchukua mkono kama wasemavyo kwamba huchukua uso. Chuoni hawakutufundisha. Miezi iliyobaki ilikuwa mingi, na kila mmoja wetu alikuwa akiihesabu kimoyomoyo. Niliiona hesabu hiyo machoni mwa Mona. Lakini Swabaha alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akakimeza. Akatia cha pili. Cha tatu akakisimamisha njiani.

"Nieleze tena," aliniambia. "Tangu alipovunja mlango. Na usiruke kitu; safari hii nitafumba macho mimi."

Akafumba macho, kijiko kikingoja hewani. Nikaanza tena tangu mlangoni.